Runinga ya chumba cha Mama

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025, Harambee Stars walipokuwa wakipigiana penalti na Madagascar pale Kasarani, mama yangu alikuwa chumba cha wageni, mlango umerudishwa, redio yake ndogo ameiegemeza kwenye mto. Sebuleni tulikuwa kumi na mmoja, tukihesabu na watoto wa jirani. Mechi ilikuwa imeanza saa kumi na moja jioni, ikaingia muda wa nyongeza, ikaingia penalti, na taarifa ya habari ya saa moja ikatupita hivi hivi. Tulipotolewa, nikaenda kumjulia hali. Alikuwa ameketi kitandani na ile miwani nyeusi aliyopewa baada ya operesheni.

"Wameshindwa?" akaniuliza.

"Wameshindwa, Mama."

"Pole yao. Na habari, wamesemaje leo?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilisimama pale mlangoni nikaona haya.

Mama ana miaka 74. Anaishi Chavakali, na tangu mwaka huo uanze amekuwa akishuka Kisumu kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Jicho la kulia lilifanyiwa operesheni Agosti, la kushoto likapangiwa Novemba. Kila akija anakaa kwetu Mamboleo wiki mbili au tatu, na muda wote huo hawezi kumnyang'anya mtoto rimoti. Ukijaribu kumsaidia anasema, "Waacheni watoto," kisha anainuka taratibu anaenda chumbani. Huyu ni mtu ambaye kwake nyumbani saa moja kamili hakuna kinachomtoa kwenye kiti. Miaka ya tisini, kabla stima haijafika kwetu, jirani alikuwa na runinga ya Great Wall ya picha nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari. Mama alikuwa akiosha vyombo mapema ili tuwahi. Picha ilipoanza kusinyaa pembeni tulijua betri inakwisha, basi tunaombea ifike walau mwisho wa vichwa vya habari.

Nikaamua kabla ya Novemba chumba kile kiwe na runinga yake. Nilitenga shilingi 12,000, na humo humo itoke antena, waya na fundi. Naandika haya kwa kirefu kwa sababu nilipoanza kuulizia, kila mtu alinijibu kwa jina la kampuni na idadi ya inchi, na hayo mawili ndiyo yaliyonisaidia kidogo kuliko yote.

Nianze na inchi. Runinga hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona, kwa hivyo namba ile haikuonyeshi upana wala kimo. Picha ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 hivi na kimo cha 30. Ya inchi 32 ni kama 71 kwa 40. Kwa masikio zinaonekana kupishana inchi nane tu, lakini ukipiga hesabu ya eneo, ya 32 ni kubwa kwa karibu mara 1.8. Mimi nilikuwa nimeshaamua 24. Chumba chenyewe ni futi kumi kwa kumi, nikajiambia ya nini kubwa. Halafu nikachukua katoni la mafuta ya kupikia, nikakata vipande viwili kwa vipimo hivyo, nikavibandika ukutani kwa selotepu. Chini ya kila kipande nikaandika kwa kalamu sentensi moja, mfano wa yale maandishi yanayopita chini ya skrini wakati wa habari. Kwenye kipande kidogo herufi zilitoka na kimo cha sentimita moja, kwenye kikubwa moja na nusu kasoro. Nikalala kitandani mahali anapolala Mama, kichwa kwenye mto wake, nikafumba jicho la kushoto.

Kutoka kwenye mto huo wa kitanda hadi ukutani ni sentimita 215. Kipande cha 24 kilionekana kama bahasha. Maandishi yake niliyasoma kwa kukunja uso, na mimi macho yangu ni mazima. Ya pili niliyasoma bila taabu.

Sasa shida ikawa ukuta. Kati ya dirisha na kabati palikuwa na sentimita 70 peke yake, na runinga ya 32 ukiongeza kingo inataka 73 hivi. Nilikaa na tatizo hilo siku mbili, nikifikiria kuweka ya 24 juu ya meza karibu na miguu ya kitanda. Lakini Mama huamka usiku, na meza gizani ni kumwekea mtego. Mwishowe mume wangu akaondoa nguo zote kabatini, akalisukuma shubiri mbili kuelekea mlangoni. Mlango sasa haufunguki wote, lakini unatosha mtu na beseni kupita.

Jumamosi moja ya Oktoba nikashuka mjini. Pale Oginga Odinga Street maduka ya vifaa vya umeme yamepangana, na runinga zimetundikwa ukuta mzima, safu juu ya safu, zote zikionyesha kitu kimoja, video ya muziki yenye rangi kali. Hapo kuna mambo mawili ningependa mtu angeniambia mapema. La kwanza, picha ile mara nyingi haitoki kwenye runinga yenyewe. Inatoka kwenye kifaa kimoja kilichofichwa nyuma ya kaunta na kugawanywa kwa nyaya, kwa hivyo unachokiona ni kioo tu. Uwezo wa runinga hiyo kunasa matangazo kwa antena yake hujauona bado. La pili ni pembe. Dukani unatazama ukiwa umesimama mbele yake. Mama atatazama akiwa amelala, macho yake yakiwa chini ya runinga.

Nikachuchumaa. Kulikuwa na ya 32 iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote, 9,500, na ukiwa umesimama ilikuwa nzuri kabisa. Nilipokwenda chini hadi usawa wa goti, uso wa msichana aliyekuwa akiimba ukaanza kuingia giza. Nikashuka zaidi. Mashavu yakawa meusi, meno yakabaki yanang'aa, na shati lake la manjano likageuka rangi ya udongo, kama filamu za picha za zamani ulizokuwa ukiinua kwenye mwanga. Nikainuka, uso ukarudi. Nikachuchumaa tena, ukapotea. Kijana wa dukani aliniona nikipanda na kushuka, akaenda ndani akaniletea stuli ndogo. "Kaa, mama, utazame vizuri," akasema, na kwa hilo nilimshukuru sana.

Vioo vya namna hiyo mara nyingi ni vya aina inayoitwa TN, rahisi kutengeneza, na udhaifu wake mkubwa uko kwa mtu anayetazama kutoka chini. Aina ya IPS huhimili pembe vizuri zaidi. Kwenye kasha huwezi kukuta maneno hayo kwa runinga za bei hii, kwa hivyo tumia magoti yako. Na usitegemee jina. Runinga ndogo za bei nafuu nyingi hutumia vioo na bodi kutoka viwanda vile vile, na mbili zenye jina moja na namba moja zinaweza kuwa na vioo tofauti ndani. Ndiyo maana sitaji jina la ile niliyoiacha wala la ile niliyoinunua. Kagua hiyo hiyo utakayobeba, itolewe kwenye kasha mbele yako.

Duka la tatu ndilo nililonunua. Ya 32, shilingi 10,300 baada ya kubembelezana kutoka 11,000. Niliketi sakafuni kabisa mbele yake, na nyuso zikabaki nyuso. Zilififia kidogo, basi. Kisha nikatoa flashi niliyokuwa nimetayarisha nyumbani yenye picha tano, kila moja rangi moja tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Kwenye nyeupe unatafuta nukta zilizokufa, kwenye nyeusi unatafuta mwanga unaovuja pembeni. Kulikuwa na mvujo kidogo kona ya chini kushoto, nikauacha upite, kwa kuwa usiku Mama hazimi taa.

Hapo nikaomba antena. Kijana akasema, "Hii ni dijitali, mama, king'amuzi kiko ndani." Nikamwambia naamini, lakini nataka kuona. Siyo ubishi. Kenya ilipohama kutoka analogi, ule mwaka wa 2015 ambapo NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu kuanzia Februari, ilihamia mfumo wa dijitali uitwao DVB-T2. Ile namba 2 ina uzito. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameniuzia maneno ya runinga ya mtumba kutoka Uingereza, inchi 22, shilingi 4,000, imara na kioo chake kizuri kupita vyote nilivyoviona mjini. Nilipotazama nyuma yake ikawa imeandikwa DVB-T peke yake. Uingereza bado wanarusha stesheni nyingi kwa mfumo huo wa kwanza, kwa hivyo runinga za kule za miaka ya nyuma hazikuhitaji zaidi. Hapa kwetu haiwezi kunasa kitu mpaka uinunulie king'amuzi cha pembeni. Hapo pesa zinaongezeka, lakini kilichonitoa kwenye ile mtumba ni rimoti mbili. Moja ya kuwasha runinga, nyingine ya kubadilisha stesheni, na mtu mwenye jicho moja lililopona akizipapasa gizani. Hapana.

Wakachomeka antena ya ndani, tukatafuta stesheni, zikaingia. Nikaomba waweke inayozungumza, waondoe muziki. Spika za runinga nyembamba zimetazama chini au nyuma, na muziki huficha kasoro hiyo kwa sababu ngoma inajaza duka. Sauti ya mtu akisoma habari ndiyo inayokuambia. Ya kwangu ilikuwa nyembamba lakini kila neno lilisikika nikiwa hatua nane nyuma, magari yakipita nje. Nyuma ina tundu la spika ya nje, na hilo nimeliweka akilini kwa siku zijazo.

Je, isiyo na intaneti? Ndiyo, niliichukua isiyo na intaneti, na mume wangu hakukubaliana nami. Kwa nyongeza ya shilingi elfu mbili tatu ungepata yenye programu za kutazama video. Lakini nyingi za bei hiyo zina kumbukumbu ya gigabaiti moja, na nimeona ya dada yangu: unawasha, unangoja, inaleta ukurasa wa picha ndogo ndogo, ndipo uchague kwenda kwenye stesheni. Hii ya Mama ukibonyeza kitufe inarudi pale pale ulipoiacha jana, sekunde chache tu.

Stima sikuiwazia sana. Nyuma imeandikwa wati 45. Ukiiwasha kwa muda wa saa tano kila siku, mwezi mzima haifiki uniti saba.

Nilipolipa nikahakikisha risiti imeandikwa namba ya runinga yenyewe, ile iliyo kwenye kibandiko cha nyuma, na kibandiko cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kipo. Waranti ya mwaka mmoja. Kijana akanieleza waziwazi kwamba kioo kikipasuka waranti haihusiki, na hizi zisizo na fremu pana hazitaki kushikwa kwenye kioo wala kulazwa. Nikakodi tuktuk peke yangu. Kutoka mjini hadi Mamboleo nilishika kasha wima katikati ya magoti, na kila tuta dereva alipunguza mwendo hadi kusimama bila mimi kumwambia tena.

Fundi alikuja Jumapili alasiri na tukavutana kidogo juu ya mahali pa kutundika. Mafundi wetu wamezoea kuweka runinga karibu na dari, na sielewi tabia hiyo ilitoka wapi, labda kwenye hoteli na vinyozi, ambako watu hutazama juu ya vichwa vya wengine. Mgonjwa wa macho haambiwi kuinua shingo. Nilimwomba katikati ya kioo pawe mita moja na robo kutoka sakafuni, na niliposhuka kulala kitandani kujaribu akaelewa. Mashimo ya nyuma ni ya nafasi ya milimita 100 kwa 100, braketi ya kawaida inaingia.

Antena ndiyo iliyotusumbua. Juu ya paa tuna moja inayolisha sebuleni, na fundi akaleta kigawanyio ili waya mmoja utoe miwili. Ukigawa hivyo kila upande unabaki na nusu ya nguvu au pungufu, na matangazo ya dijitali hayana picha ya chenga chenga kama zamani. Nguvu ikishuka chini ya kiwango, picha inavunjika vipande vya mraba, sauti inakatika, kisha giza. Sebuleni kukawa sawa, chumbani stesheni tatu zikawa zinavunjika. Tukapanda tena, tukaipandisha nguzo kama mita moja, tukaigeuza ifuate mwelekeo wa antena za majirani, na badala ya waya mwembamba wa bei rahisi tukaweka ule mnene. Zikatulia zote. Siku hiyo niligharimika 1,400 pamoja na fundi.

Mia tatu zilizobaki hazikutosha kununua gadi, kile kifaa kinachozuia stima inapopanda na kushuka, nikaongeza za mfukoni. Nina sababu. Runinga yetu ya kwanza sebuleni iliungua jioni moja stima iliporudi kwa kishindo baada ya kupotea mchana kutwa. Na huku kando ya ziwa, ngurumo za alasiri siyo jambo la kubahatisha. Gadi haizuii radi iliyopiga karibu, na radi inaweza kuingia hata kwa waya wa antena, kwa hivyo nimemwonyesha Mama kuchomoa vyote viwili. Hilo halikuhitaji maelezo mengi. Yeye kwake radi ikianza hufunika hadi vioo vya kujitazamia.

Kazi niliyoipenda kuliko zote niliifanya peke yangu usiku, kabla hajafika. Runinga ilikuwa imenasa stesheni zaidi ya arobaini. Nilizifuta moja moja nikabakisha nane: anazotazamia habari, moja ya injili, na moja ya Kiluhya anayoipenda. Kisha nikachukua rangi ya kucha nyekundu ya binti yangu, nikaweka tone nene kwenye kitufe cha kuwashia, na matone mawili madogo kwenye vya sauti. Ikikauka inakuwa kichuguu ambacho kidole kinakihisi. Vitufe vingine vyote niliviacha.

Mama alifika tarehe 10 Novemba na mfuko wa ndizi na kuku mmoja. Aliingia chumbani, akasimama akaitazama ikiwa imezimwa. Hakusema kitu. Nilimpa rimoti, nikashika kidole chake gumba nikakiweka kwenye tone kubwa. Akabonyeza. Picha ilipotokea akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena.

"Wanaonekana hadi nyusi," akasema.

Usiku ule saa moja ilipofika nilikuwa jikoni nikasikia mlio wa habari ukitoka pande mbili za nyumba. Nilipochungulia, kitinda mimba wangu alikuwa amepanda kitandani kwa Guku wake, yaani bibi yake, miguu ndani ya blanketi, akimsomea maandishi yanayopita chini, na Mama akimkatiza, "Najisomea mwenyewe."

Kesho yake alitoa kwenye mkoba kitambaa cheupe cha kufuma alichokuja nacho. Alikifuma zamani kwa ajili ya runinga yenye kichogo aliyokuwa nayo nyumbani, kipana cha kuifunika juu na pembeni. Juu ya hii nyembamba hakikukaa, kiliteleza. Akaniomba sindano na uzi. Alikaa dirishani asubuhi nzima kwa jicho lake moja jipya, akashona vitanzi viwili vya kuning'inizia kwenye kona za juu, akakipunguza upana. Sasa mchana runinga imefunikwa vumbi lisiingie. Ikikaribia saa moja anakitoa, anakikunja mara nne, anakiweka juu ya Biblia.